Siku Waliposhusha Azimio

Azimio la saba niliandika mimi, kwa mkono wangu. Nalisema hilo kwanza, maana wapo wanaoisimulia siku ile kwa kucheka, eti kuna mama mmoja wa mtaa wa Viwanja Sitini alisimama ukumbini akagombana na kompyuta. Wacheke. Lakini wanaanzia katikati.

Mwanzo wake ni huu. Mradi wa umwagiliaji ulikuja bondeni kwetu, ukachimba mfereji kutoka mto Lumemo na kukata majaruba sitini ya mpunga upande wa kuelekea Kivukoni. Kila mtu Ifakara alilitaka jaruba, hata wenye maduka ambao hawajashika jembe tangu walipomaliza shule. Tukaitwa wakulima tukubaliane nani apewe lipi, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka, nikafanywa katibu. Tulibishana mpaka jua likawa utosini. Mwisho, katika azimio la saba, tukakubaliana kwamba majaruba ya upande wa mfereji mkuu, kuanzia namba arobaini na moja mpaka sitini, wapewe wanawake wanaolima wenyewe, na yaandikwe kwa majina yao. Majina yao, si ya waume zao, si ya baba zao. Nikaandika. Wiki iliyofuata mradi ukataka nakala ya Kiingereza kwa ajili ya wafadhili. Nikakaa na kamusi yangu ya shule, mtoto ananivuta kanga, nikaandika juu ya kila azimio lile neno tulilofundishwa darasani: resolution. Resolution ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba. Neno hilo nililiandika mpaka likanizoea.

Na kwa nini nilihangaika hivyo? Mume wangu alikuwa kwenye mashamba ya miwa, akija leo kesho hayupo. Mimi nilikaa kwa mama yake, na mtoto wetu alikuwa na miezi saba. Misimu mitatu nilikuwa nimelima mpunga kwenye mashamba ya kuazima. Msimu wa kwanza nilipambana na magugu mpaka mikono ikatoa malengelenge, shamba likapendeza, mwenyewe akaliona limependeza akalichukua. Wa pili vivyo hivyo, kwingine. Wa tatu mwenye shamba alikuja mpunga umeshafika magotini, na mimba yangu imeshafika puani, akaniambia ndugu yake amerudi kutoka Masagati na hana pa kulima. Nilirudi nyumbani na jembe begani. Kwa hiyo niliposikia kwamba nimepangiwa namba arobaini na saba, nilichotaka ni kimoja tu: jina langu liandikwe hapo, kwenye kitabu cha watu wenye mamlaka, mahali ambapo mtu hawezi kulifuta kwa kuja asubuhi na ndugu yake.

Mkutano wa pili, wa kuonyeshwa ramani na majina, ulifanyika kwenye ukumbi wa parokia, nikaenda na mama mkwe. Sisi huku ukumbi wowote wa parokia tunaukaa kama kanisa: wanawake kushoto, wanaume kulia, njia katikati. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo, na hata watu wa dini nyingine wakialikwa huifuata. Mradi ulikuwa umeshalijua hilo. Basi badala ya kuleta kioo kimoja cha kompyuta wakaleta viwili, kila upande chake, na katikati kisanduku kidogo kilichopokea picha kutoka kwenye kompyuta na kuigawa kwa nyaya mbili. Picha moja, vioo viwili, watu wote waone sawa. Ndivyo alivyotangaza bwana shamba wa mradi, aliyeongoza mkutano.

Wote waone sawa! Kioo cha wanaume kilikuwa kipya, kikubwa, bado kina nailoni pembeni. Chetu kilikuwa kidogo, kimepauka na kuwa cha njano kama meno ya mvuta tumbaku, na juu yake kina duara la mahali mtu alipozoea kuweka kikombe cha chai. Niliviangalia vyote viwili, nikajisemea: wameshaanza.

Jenereta likawashwa nje. Fundi, kijana aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, shati limechomekwa kama anakwenda kuposa, akabonyeza, na vioo vyote viwili vikawaka. Upande wa wanaume nikaona, kwa mbali, ramani nzima imetulia: mistari, vijumba vya majaruba, mfereji mkuu umechorwa bluu. Upande wetu picha ilikuwa inapanda juu na kurudi chini, imekatika vipande viwili, kipande cha kushoto kimelala juu ya cha kulia, na kioo chenyewe kinapiga mluzi mwembamba uliomwamsha mtoto wangu mgongoni.

Jirani yangu pale kwenye benchi alikuwa mama mmoja muuza vitumbua, mwanamke ambaye hakuna jambo analoliacha lipite bila neno. Akasema, "Ya kwetu ina degedege."

Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawatazama wanaume wanavyonyoosha vidole kwenye kioo chao na kuulizana hili la nani, hili la nani.

Fundi akaja upande wetu, akakizunguka kile kioo cha njano, akainama kusoma kibandiko nyuma yake, akatikisa kichwa. Kisha akamgeukia bwana shamba kule mbele, akasema maneno ambayo nayakumbuka moja moja.

"Mzee, hii ya akina mama ni ya zamani. Hii rezolusheni haiikubali. Nashusha rezolusheni, zote mbili zitakubali."

Na bwana shamba akajibu, bila hata kuinua macho kwenye karatasi zake, "Shusha tu, twende. Petroli yenyewe kidogo."

Nataka mtu anielewe hapo. Mimi kompyuta nilikuwa nimeiona mara moja tu, kupitia dirisha la ofisi. Neno "rezolusheni" nilikuwa nalijua kwa maana moja duniani, ile niliyoiandika kwa mkono wangu mara saba. Azimio. Na sisi tuliosoma siasa darasani tunajua azimio ni kitu gani. Azimio halishushwi na fundi wa umeme. Sasa namsikia kijana ambaye hata hakuwepo siku ile anasema, mbele ya watu, kwamba la akina mama ni la zamani, halikubaliki, na analishusha. Na mkubwa wake anamwambia shusha tu.

Nilisimama. Mtoto mgongoni akadhani tunaondoka, akafurahi.

"Kaka, samahani. Unashusha azimio kwa idhini ya nani?"

Fundi akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia kwa lugha asiyoijua. "Azimio gani tena, dada?"

"Hilo ulilotaja. Rezolusheni. Unafikiri hapa hatujasoma? Azimio la saba limepitishwa na mkutano, nimeliandika mimi. Hulishushi wewe na waya zako."

Upande wa wanaume mtu akapiga mluzi. Mwingine akauliza huyu ni mke wa nani, na mwingine akamjibu, na jibu hilo likapita benchi hadi benchi. Bwana shamba akavua miwani. Akasema, kwa ile sauti ya upole ambayo watu wa ofisi wanawatolea wanawake na wagonjwa, kwamba mama mtoto akae, mambo haya ni ya kitaalamu. Nikamjibu kwamba nitakaa nikishajibiwa.

Aliyenijibu ni fundi. Na nimtendee haki, hakucheka. Alikuna shingo, akaangalia huku na huku, akauona mkeka uliokuwa umekunjwa chini ya benchi letu, ambao mama mmoja alikuwa amekuja nao kwa ajili ya watoto. Akaufungua. Akasema picha ya kompyuta imesukwa kama huu mkeka, kwa vitone. Ukisuka kwa ukindu mwembamba unapata njia nyingi, na maua mengi yanaenea. Ukisuka kwa ukindu mnene njia zinakuwa chache, maua yanakuwa makubwa na yanaenea machache. Idadi ya njia hizo ndiyo inaitwa rezolusheni. Sasa hivi kompyuta inatoa picha ya njia mia nane kwa mia sita. Kioo kipya kinaweza kuzifuata. Hiki cha njano mwisho wake ni mia sita na arobaini kwa mia nne na themanini. Kikiletewa zaidi kinachanganyikiwa, ndiyo maana kinapiga mluzi. Na kwa kuwa kisanduku kinagawa picha moja ileile, hawezi kumpa kila mmoja kipimo chake. Inabidi kumfuata yule dhaifu.

"Basi yule dhaifu mkampa mwanamke," akasema muuza vitumbua.

Nilisikia uso wangu unapata moto. Nilikuwa nimeelewa, na nilikuwa nimeelewa pia kwamba nusu ya ukumbi imeshaelewa nilivyoelewa vibaya. Mtu mwingine angekaa. Lakini mimi nilikuwa nimeshanyang'anywa mashamba matatu na watu wenye maelezo mazuri, na maelezo ya huyu yalikuwa mazuri mno. Nikamwambia haya, shusha, tuone.

Akashusha. Vioo vyote viwili vikazimika mara moja, vikawaka tena. Chetu kimetulia, kimya, hakuna mluzi. Wanawake wakasema ahaa, nami nikakaa. Herufi zilikuwa kubwa kiasi kwamba hata bibi wa benchi la nyuma angeweza kusoma, kama angejua kusoma. Jaruba la kwanza, la pili, la tatu, na jina la mtu ndani ya kila kijumba. Bwana shamba akaanza kusoma haraka haraka kwa fimbo, akielekeza kwenye kioo cha wanaume. Alifika thelathini, thelathini na tano, arobaini. Kisha akashusha fimbo, akasema mengine mtayaona kwenye ubao wa ofisi wiki ijayo, tufunge kwa sala.

Nikaitazama ramani. Ilikuwa imefika mwisho wa kioo, na mwisho wa kioo ulikuwa namba arobaini. Mfereji mkuu haukuwepo. Ule mstari wa bluu niliouona kwa mbali mwanzoni, upande wa wanaume, umekwenda. Majaruba yote ya upande wa mfereji, arobaini na moja mpaka sitini, yamekwenda nao.

Yaani wametushushia rezolusheni ili tuone, na tulipoanza kuona, sehemu yetu ndiyo imekosa nafasi.

Nikasimama mara ya pili. Safari hii nilikuwa na uhakika, na hasira yangu ilikuwa imetulia, ambayo ndiyo hasira yangu mbaya. Nikauliza mfereji uko wapi. Fundi akageuka, akaangalia, na niliona usoni kwake kwamba hakuwa ameliona hilo. Akasema ni kweli, ukindu umekuwa mnene, mkeka umezidi kioo. Sehemu iliyobaki ipo, imejificha upande wa kulia, nje ya picha.

"Iliyojificha ni ya wanawake peke yake?" nikauliza.

Bwana shamba akasema muda. Akasema petroli. Mzee mmoja wa upande wa wanaume, mwenye suluhisho kwa kila kitu, akashauri kwamba kama ni hivyo fundi apandishe tena ile hesabu kubwa, wanaume waone ramani nzima kwenye kioo chao, na wanawake wataelezwa na waume zao nyumbani.

Muuza vitumbua akamuuliza mzee huyo kama anayo jioni moja aliyowahi kumweleza mkewe kitu. Ukumbi ukaangua kicheko, hata wanaume. Mimi nikamwambia fundi, "Pandisha."

Wenzangu walinigeukia wote. Pandisha? Si tutarudi kwenye degedege? Nikawaambia pandisha, sisi tutahama. Nikatoka kwenye benchi, nikavuka njia ya katikati, nikaenda kusimama mbele ya kioo cha wanaume.

Mtu wa mbali hawezi kujua hilo ni jambo gani. Nimezaliwa kwenye bonde hili na sikuwa nimewahi kuona mwanamke amekaa upande ule ndani ya ukumbi ule, isipokuwa bibi harusi. Nilisikia kandambili nyuma yangu. Alikuwa muuza vitumbua, kisha wengine wawili, kisha nusu ya benchi. Wanaume walisogea. Walisogea kama watu waliomwagiwa maji, huku wakishika kofia zao, na kijana mmoja akatoa shikamoo kwa kuchanganyikiwa kwa mwanamke aliyelingana naye umri.

Fundi akapandisha. Kule tulikotoka mluzi ukaanza, kioo cha njano kikafanya degedege lake bila mtazamaji. Hapa ramani ikatandazwa yote, mfereji mpaka mwisho. Lakini maandishi sasa yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Nilisogea mpaka pua yangu ikakaribia kugusa kioo, nywele zikanisimama kwa ule umeme wake, na nikaanza kutafuta kwa kidole. Arobaini na tano. Arobaini na sita.

Arobaini na saba lilikuwa na jina la mume wangu.

Nilisoma mara tatu. Nikasoma arobaini na nane: jina la mume wa muuza vitumbua, mtu ambaye kila mtu pale alijua ameondoka na treni na hajaandika hata barua. Arobaini na tisa, mwanaume. Hamsini, mwanaume. Lilikuwepo jina moja tu la mwanamke upande mzima wa mfereji, la mjane mmoja, na nafikiri lilikuwepo kwa sababu hawakupata mtu mwingine wa kuandika.

Sikupiga kelele. Watu wanasema nilipiga kelele, si kweli. Nilimwambia fundi ashushe tena. Akashusha. Nikamwambia hiyo sehemu iliyojificha kulia, haina namna ya kuivuta? Akasema ipo, ni kusogeza tu. Basi sogeza. Akasogeza, na ramani ikateleza taratibu kwenda kushoto kwenye vioo vyote viwili, mfereji wa bluu ukaingia, na baada ya mfereji yakaingia yale majina, makubwa, meusi, moja baada ya jingine, waume watupu. Wanawake waliobaki kwenye mabenchi yao waliyaona kwenye kioo cha njano. Waliokuja nami waliyaona kwenye kioo kipya. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ukumbi mzima ulikuwa unaona upande wa mfereji, wote sawa.

Bwana shamba alisema ni mashine. Alisema karatasi za uhakiki zina nafasi moja tu, ya mkuu wa kaya, na mashine imechukua kutoka humo, yenyewe.

Fundi alikuwa bado ameshika kile kipanya chake. Hakumtazama mtu. Akasema, "Mzee, mashine haijui mume wa mtu."

Ndipo nikaanza kufikiri. Karatasi za uhakiki. Bwana shamba alipita nyumba kwa nyumba na karatasi hizo wiki mbili kabla, na kwetu alipita siku niliyokuwa kliniki kumpima mtoto. Niliporudi nilikuta miiba ya kambale kwenye sahani ya wageni. Nikageuka taratibu kwenda upande wa wanawake. Mama mkwe alikuwa amekaa palepale tulipokaa asubuhi, mkoba wake magotini, anatazama jina la mwanawe kwenye kioo cha njano.

Nikamwuliza kwa adabu, maana ni mama mkwe na watu walikuwepo. Nikasema, shikamoo mama, ulipoulizwa siku ile uliandikisha nini.

Akajibu kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuulizia chumvi. "Aliniuliza mkuu wa nyumba hii ni nani. Ulitaka nimtaje kuku?"

Watu walicheka, na najua baadhi yao walifurahi, kwamba mwisho wa yote imeonekana tatizo liko nyumbani kwangu. Nikamwambia mama, alikuuliza mkuu wa nyumba, hakukuuliza anayelima. Akasema jina la mwanangu lina ubaya gani. Nikasema halina, ni zuri, lakini halijawahi kung'oa gugu. Nilijua wakati nalisema kwamba neno hilo litanifuata nyumbani. Lilikuwa limeshatoka.

Bwana shamba akaona mwanya wake. Akavaa miwani tena. Akasema hayo ni mambo ya familia, mradi hauwezi kuyaingilia. Kama mzazi wa mwenye kaya yupo hapa na anakubali jina libadilishwe, atabadilisha sasa hivi, na kama hakubali, libaki lilivyo. Akamgeukia mama mkwe kwa heshima kubwa. Alikuwa na uhakika, na mimi pia nilikuwa na uhakika. Ni mama gani atasimama mbele ya parokia nzima amfute mwanawe?

Mama mkwe alifungua mkoba, akafunga. Kisha akamuuliza fundi kama mle ndani yanaweza kukaa majina mawili. Fundi akajaribu. Akaandika la mume, akaanza kuandika langu pembeni, na likakatika katikati. Kijumba kilikuwa kidogo, na kwa ukubwa ule wa herufi hayakuenea. Akasema labda apandishe rezolusheni.

"Usipandishe," akasema mama mkwe. "Acha kama ilivyo, mimi macho yangu mabovu." Akaninyooshea kidole. "Andika la huyu."

Bwana shamba akamuuliza ana hakika.

"Umesema muulize mzazi. Mzazi amesema."

Fundi akafuta jina la mume wangu, herufi moja moja kutoka nyuma, na vioo vyote viwili vikaonyesha linavyopungua. Kisha akaniuliza jina langu, nikamtajia, na jina la baba yangu, nikamtajia kwa kumhesabia herufi, maana simwamini mtu kwenye jina la baba yangu. Lilipokamilika nikavuka kwenda kulisoma kwenye kioo cha njano. Nikarudi kulisoma kwenye kioo kipya. Lilikuwa lilelile. Baada yangu akaja muuza vitumbua, na baada yake wanawake wakapanga mstari mpaka mlangoni, kila mmoja akitaka aandikwe akiona. Petroli, ile iliyokuwa inakwisha tangu asubuhi, haikuisha.

Bwana shamba alinikabidhi karatasi iliyochapwa, nikamwomba aweke saini mbele yangu. Aliweka. Nikaomba na mhuri. Hakunipenda, na sijali.

Tuliondoka na mama mkwe kwa miguu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita njia nzima. Nilikuwa na majibu yote mdomoni. Hakusema kitu. Tulipita sokoni, tukapita kwa wauza mikeka. Na hapo ndipo shaka nyingine ikaniingia, mpya, ambayo sikuwa nimeamka nayo. Huyu mwanamke anampenda mwanawe kuliko anavyonipenda mimi, hilo halina ubishi, na hajawahi kulificha. Ana ndugu kule kwenye miwa wanaokwenda na kurudi, wanaoleta habari na kuzinong'onea jikoni. Mama wa namna hiyo hafuti jina la mwanawe kwa sababu ya magugu.

Nikamwambia, "Mama, kuna kitu umesikia kutoka huko."

"Kitu gani?"

"Ndiyo nakuuliza."

Akasimama, akanitazama usoni kwa muda mrefu kuliko alivyozoea. Kisha akanyoosha mikono nyuma yangu, akafungua fundo la mbeleko, akamchukua mtoto na kumbeba yeye. Akatangulia.

Mtoto sasa anakimbia. Nimevuna arobaini na saba mara mbili, na hakuna aliyekuja asubuhi kuniambia chochote. Mume wangu hajarudi kuulizia. Mama mkwe hajaniambia alichosikia, na kila mara wale ndugu wanapokuja kutoka kwenye miwa mimi ndiye ninayewapakulia wali. Najaza sahani zao, nakaa nao mpaka wanamaliza, na ninawatazama midomo.